Chumvi Juu ya Kaburi la Baba

Jumapili, 12 Januari 2025. Saboti

Ng'ombe wa Baba wamerudi leo kutoka Sirisia. Walikuwa kwa shangazi wakila nyasi Baba alipofariki mwezi wa kumi, na karantini ya ugonjwa wa miguu na midomo ikafunga njia zote za mifugo, hata ya kwenda kumwomboleza mwenye mifugo. Kwetu mtu wa ng'ombe hazikwi hivihivi. Ng'ombe wake huletwa nyumbani, wakazungushwa boma, fahali akaparura udongo na kunguruma, ndipo watu wakubali kwamba fulani amekwenda. Baba alizikwa kimya. Mama alililia jambo hilo kuliko alivyolilia kifo chenyewe.

Kaka yangu Wamalwa aliwashusha kwenye lori barabarani, akawaelekeza kwenye birika kwa sababu walikuwa na kiu ya safari. Hawakulitazama. Wakapita birika, wakapita zizi, wakaenda moja kwa moja hadi kaburini, kando ya ua, wakalizunguka vichwa vikielekea ndani. Hakuna aliyewaswaga. Hakuna hata mmoja wao aliyewahi kuliona kaburi lile, maana lilichimbwa wakiwa Sirisia. Yule ng'ombe mzee wa pembe iliyopinda akainama, akailamba saruji. Wengine wakafuata. Ilisikika sauti ya ndimi tu, kama fundi anayepiga mbao msasa, na hakuna ng'ombe aliyelia.

"Wamekuja kumlilia," Mama akasema, akaanza kulia yeye.

Wamalwa alikuwa ametoa simu apige video. Akairudisha mfukoni.

Nilijiambia kwamba saruji mpya hutoa unga mweupe wa chumvi, na ng'ombe hupenda chumvi. Ni kweli. Lakini vinyweleo vya mikono yangu vilisimama, na hilo nalo ni kweli.

Jumanne, 14 Januari. Kibomet

Nimerudi kwenye chumba changu na kazi yangu, ambayo majirani hapa Kibomet, pembeni mwa Kitale, hawaielewi, nami nimechoka kuieleza. Ninaunda modeli ya maji ya chini ya ardhi, na maji yenyewe ni ya pwani, huko Kwale. Maji matamu ya mvua hukaa juu ya maji ya chumvi chini ya ardhi kama mafuta yanavyokaa juu ya mchuzi. Ukivuta matamu taratibu, yote yanakaa mahali pake. Ukivuta kwa pupa, chumvi inapanda chini ya pampu kama kichuguu, mpaka siku moja unafungua mfereji na kuonja bahari. Kompyuta yangu hupiga hesabu ya lini.

Mama mwenye nyumba huniuliza kila wiki kwa nini mtu wa bahari anaishi Kibomet. Namjibu ni kwa sababu ya kodi yake nzuri, naye hucheka na kunipandishia.

Jumapili, 19 Januari. Saboti

Mama ana furaha ambayo sijaiona tangu mazishi. Sababu ni mboga. Ati maji ya kisima yamebadilika, sasa yanaivisha mboga za saga na kunde upesi sana, tena zinabaki kijani kabisa.

"Ni kama nimetia munyu," akaniambia. "Na sijatia. Onja."

Munyu ni yale maji ya majivu ambayo bibi zetu walichuja na kupikia mboga. Nikaonja. Mboga ilikuwa laini, tamu, yenye kaharufu ka zamani. Majirani wanakuja na mitungi kuomba maji ya Mama Wabwile, ndivyo wanavyomwita Mama. Yeye anawagawia akisema ni mzee ameyabariki.

Nilikula sahani mbili. Baadaye nilipokuwa nikiosha vyombo nikakumbuka kwamba munyu ni chumvi, nikaenda kukichungulia kisima.

Jumapili, 26 Januari

Ng'ombe wako kaburini kila asubuhi, kabla ya kukamuliwa. Wanapanga mstari uleule aliowazoesha Baba, pembe iliyopinda mbele. Kaburi linazidi kuwa jeupe.

Jumapili, 2 Februari. Saboti

Chai imekatika. Mama alichemsha maziwa na maji, yakagawanyika, mabonge juu na maji ya kijivu chini. Akasema maziwa ya siku hizi hayana adabu, akachemsha mengine. Nayo yakakatika. Akanywa hivyohivyo.

Nilikuwa nimekuja na kipima chumvi cha kazini. Wamalwa alipochimba kisima kile mwaka juzi mimi mwenyewe nilipima maji yake, na yalikuwa matamu kama ya mvua. Leo nilipotumbukiza kipimo, namba ikapanda, ikapanda, nikadhani betri imeharibika. Nikapima maji ya mto, kikasema kawaida. Nikarudi kisimani. Namba ileile, na juu yake kidogo.

Mama ana presha. Daktari wa Kitale alimkataza chumvi kabisa, naye anatii. Ugali na mboga zake hazina hata chembe. Kumbe anaila kwenye kikombe, kwenye sufuria, kwenye maji ya kumezea dawa yenyewe ya presha. Nimemwambia. Akanitazama kwa huruma, kama mimi ndiye mgonjwa.

"Nakhungu, maji imetoka chini ya miguu ya baba yako. Itaniua namna gani?"

Jumatano, 5 Februari. Kibomet

Leo nimefanya ujinga. Nilikuwa na modeli ya Kwale imefunguka mbele yangu, na kwa utani nikafuta visima vya pwani, nikaandika kisima cha Saboti: kina chake, miamba ya Elgon, na saa ambazo Wamalwa huwasha pampu kunyweshea vitunguu. Modeli ya pwani inataka uiambie bahari iko upande gani. Sikuwa na bahari ya kuiambia. Nikaiweka chini. Nikaiambia kwamba bahari iko chini ya nyumba yetu, basi, tuone.

Mstari wa kompyuta ukapita juu ya vipimo vyangu vya Jumapili bila kukosea hata kimoja.

Najua maelezo yake. Mlima Elgon ni volkano ya zamani, umejaa magadi na chumvi, tembo wenyewe huingia mapangoni kulamba. Maji ya kale yanaweza kulala huko chini, mazito, tangu kabla ya binadamu. Wamalwa anavuta yaliyo juu, na yaliyo chini yanaamka. Nimeandika maelezo haya hapa ili niyasome tena nikiogopa.

Ninaogopa sasa hivi.

Jumamosi, 8 Februari

Jua kali. Hakuna mvua mpaka mwisho wa mwezi ujao.

Jumapili, 9 Februari. Saboti

Nimegombana na Wamalwa katikati ya vitunguu vyake. Nilimwomba apunguze pampu, awashe saa chache tu kwa siku, mpaka mvua ije.

"Ati chumvi?" akasema, akiniita kwa jina la shule. "Ivy, si uko sawa? Bahari iko wapi hapa? Nionyeshe hata samaki mmoja."

"Mama anakunywa chumvi kila siku. Presha yake je?"

"Mama amefurahi kwa mara ya kwanza tangu mzee aende. Wewe ukija wikendi na hiyo kalamu yako ya kupima maji unamharibia. Vitunguu inatoka mwezi wa nne. Nikizima pampu saa hii, nimekufa."

Alisema neno hilo la mwisho, kisha sote wawili tukageuka. Ng'ombe walikuwa wamekuja nyuma yetu, wamesimama kando ya shamba, wanamtazama. Hawakula hata kitunguu kimoja. Wamalwa akawarushia bonge la udongo, nao wakaondoka polepole, bila haraka ya mnyama aliyepigwa.

Nilirudi Kibomet nikimlaani kaka yangu. Kichwa chake ni kigumu kama cha Baba, ila Baba alikuwa akisikiliza kwanza ndipo akatae.

Jumamosi, 15 Februari. Bungoma, kisha Saboti

Nilikwenda Bungoma kwa Harpreet, aliyetuuzia pampu. Duka lao la mashine lilianzishwa na babu yake, na yeye hujua pampu kwa mlio wake, hata kwenye simu. Nilitarajia anicheke. Hakucheka. Alitoa kofia ya kazi aliyoivaa juu ya kilemba, akakuna shingo.

"Nimeona hii mara moja tu, ng'ambo ya Sirisia," akasema. "Wewe sikiza, dada. Maji ikishuka kisimani, mtu atataka kushusha pampu kuifuata. Usikubali! Inua. Pampu juu, vuta kidogo, wacha ipumzike. Ukishusha, unaenda kugonga mlango wa yule ako chini."

"Nani yuko chini?"

Akacheka kidogo. "Chumvi, bana. Nasema chumvi."

Aliniandikia ushauri ule kwenye karatasi ya duka nimpelekee Wamalwa, kwa herufi kubwa. Jioni nimempelekea. Amesema asante na kuitia mfukoni, nami naamini ameelewa.

Jumapili, 16 Februari. Saboti

Nesi Chepkosgei wa dispensari alipita baada ya ibada kumpima Mama. Alimfunga kitambaa cha kipimo mkononi, akaminya mpira wake, akasubiri, akafungua, akafunga tena.

"Mama, unakula nini?" akauliza.

"Mboga tu, mwanangu. Bila chumvi. Uliza huyu."

Chepkosgei akanivuta nje. "Hii presha si ya kuchezea. Ikiendelea hivi, kiharusi. Ni swali la lini."

Hata yeye anauliza lini. Nimenunua madumu ya maji mjini, nikayapanga jikoni. Nilipoondoka nilimsikia Mama akiyamimina kwenye beseni la kufulia.

Jumamosi, 22 Februari

Majirani wameacha kuja kuomba maji. Mmoja aliniambia yanamwachia kiu. 

Jumamosi, 1 Machi. Saboti

Ncha za vitunguu zimeungua, kahawia, mistari mizima. Wamalwa anasema ni wadudu. Amepiga dawa mara mbili.

Kisha akanitolea kama habari njema kwamba maji yalipungua wiki iliyopita lakini amekwisha kurekebisha. Aliita vijana wa winchi, wakashusha pampu hadi karibu na sakafu ya kisima. "Sasa inatoka na nguvu, hutaamini!"

Nilimwuliza juu ya karatasi ya Harpreet. Akasema muuza pampu yeyote angetaka uharibu hii ununue nyingine. Nikafungua mfereji, nikaonja. Sikumeza. Ilikuwa ladha ninayoijua, ninayolipwa kuijua, ladha ya visima vilivyokufa vya Kwale, hapa chini ya mlima, kilomita sijui ngapi kutoka bahari yoyote. Nilitema mate, na ng'ombe wa pembe iliyopinda akaja akalamba pale nilipotema.

Nilimpigia Wamalwa kelele ambazo dada mdogo hapaswi kumpigia kaka. Sijutii.

Jumapili, 9 Machi. Saboti

Pampu imeungua. Chumvi imekula nyaya zake. Wamalwa ameketi kwenye ngazi ya ghala tangu asubuhi. Ningependa kusema nilimwonea huruma, lakini niliona afadhali. Hakuna pampu, hakuna maji, na Mama atakunywa ya madumu, atake asitake.

Jumamosi, 15 Machi. Saboti

Kitu hakiko sawa.

Pampu imekufa wiki nzima na mvua haijanyesha. Ule unga mweupe wa saruji hutoka pamoja na unyevu, na bila unyevu unapaswa kukoma. Ng'ombe wanaulamba kila asubuhi, kwa hiyo kaburi lingekuwa safi kufikia leo. Lakini ni jeupe kuliko zamani, tena jeupe la maganda, unaweza kuyabandua kwa kucha. Nililigusa. Lilikuwa limelowa.

Nimetoka kuketi na kufikiri kwa saa nzima kama mtu aliyesoma. Sina maelezo.

Jumapili, 16 Machi. Saboti

Nilipata maelezo, na sijui kama ninayapenda.

Niliamka kulipopambazuka, nikakaa nyuma ya ghala. Mlango wa jikoni ukafunguliwa. Mama akatoka na khanga kichwani na ndoo mkononi, mkono mwingine umeshika ukuta. Alikuwa akilijaza pipa lake kimya kimya pampu ilipokuwa hai, pipa kubwa la nyuma ya nyumba ambalo mimi nilidhani ni la mvua. Akaenda kaburini, akamwaga polepole, kuanzia kichwani kwenda miguuni, kama anavyomwagia mtoto maji ya kuoga. Akapiga mluzi. Sikujua kwamba Mama anaweza kupiga mluzi wa Baba.

Ng'ombe wakaja.

Nikatoka. Hakushtuka. "Umeniona," akasema.

"Mama, wewe ndiye uliyekuwa ukiwaita?"

"Usinipigie kerere, ng'ombe zinakula." Akaketi kwenye ukingo wa kaburi, ndoo magotini. "Unafikiri mimi ni mjinga, Nakhungu? Najua ni chumvi. Nimepika miaka yote, nisijue chumvi? Nilijua siku ya kwanza ya ile mboga."

"Na presha unaijua?"

"Naijua." Alimkuna yule ng'ombe mzee katikati ya macho. "Baba yako alizikwa kama mtu asiye na kitu. Hakuna ng'ombe hata moja ililia. Mimi nimelala pekee yangu na hiyo aibu. Sasa zinakuja. Kama ni chumvi inawaleta, basi nitawapa chumvi. Na kama wanataka na mimi nionje, naonja."

Nilitaka kukasirika. Miezi miwili nimemtazama kama mama mzee anayedanganywa na maji, kumbe alikuwa ameyashika maji mkononi na kuyatumia. Nilimpenda mno pale, na nilimwogopa.

"Lakini kitu kimoja niulize," akasema akiinuka. "Mimi nilianza kumwaga mwezi wa pili. Ile siku ya lori nani aliwaita?"

Nilisema saruji ilichanganywa kwa maji ya kisima. Akaitikia kwa kichwa, kwa adabu, kama mtu anayemkubalia mgeni.

Nilimwaga pipa lote mbali, kwenye mtaro. Hakunizuia. Alisimama mlangoni akinitazama.

Ijumaa, 21 Machi. Kibomet, kisha Kitale

Wamalwa amenipigia saa mbili asubuhi. Sikumwelewa, alikuwa analia. Nilikimbia na viatu tofauti miguuni.

Hivi ndivyo ilivyokuwa, kwa maneno yake. Alisikia kimya. Kawaida asubuhi husikia ndimi kaburini, na leo hakusikia hata hizo. Akatoka. Ng'ombe walikuwa wamesimama duara, wamekazana, mabega kwa mabega, ukuta mzima wa migongo. Alidhani wanalamba. Akawasukuma, hawakusogea. Akawapiga kwa fimbo, hawakusogea. Ikabidi apite kwa kutambaa katikati ya miguu yao. Mama alikuwa amelala kando ya kaburi, ubavu wa kulia, ndoo tupu, kavu, karibu naye, mdomo umevutwa upande mmoja. Macho yalikuwa wazi. Na ng'ombe wa pembe iliyopinda alikuwa anamlamba uso, polepole, kutoka kidevuni hadi kwenye paji, tena na tena, na ngozi ya Mama ilikuwa imekuwa nyekundu.

"Sikujua kama wanamlinda ama wanam..." Wamalwa hakumaliza.

Alimbeba hadi barabarani mwenyewe, akasimamisha pikapu ya maziwa. Ng'ombe walimfuata hadi getini, wakasimama hapo.

Ninaandika kwenye benchi la hospitali hapa Kitale. Daktari anasema kiharusi, anasema amewahishwa, anasema tusubiri. Wamalwa ameketi kando yangu. Mikono yake ina harufu ya ng'ombe na haachi kuisugua kwenye suruali. Muda mfupi uliopita akatoa mfukoni ile karatasi ya Harpreet, imekunjwa, imelowa jasho, akaisoma kwa sauti ya chini mpaka mwisho. Kisha akasema, "Ni mimi." Nilimwambia si yeye. Ni yeye, na ni vitunguu, na ni Mama mwenyewe, na ni maji ambayo yalilala huko chini kabla yetu sote. Lakini nilimwambia si yeye, nikamshika mkono wenye harufu, kwa kuwa ni kaka yangu na alitambaa katikati ya kwato.

Mama, usife. Tafadhali usife.

Jumatatu, 24 Machi

Ameomba maji kwa ishara. Nikampa ya chupa. Akanywa, akakunja uso. Wamalwa akacheka mpaka nesi akaja.

Alhamisi, 27 Machi. Saboti

Harpreet amekuja mwenyewe kutoka Bungoma na vijana wawili na winchi. Wametoa pampu. Ilitoka imevaa maganda meupe kuanzia juu hadi chini, ungedhani ilikaa huko miaka mia. Harpreet aliikagua bila kuigusa kwa mkono mtupu.

"Nikuuzie nyingine?" akamwuliza Wamalwa, kwa upole.

"Hapana. Funga."

Wakafunga kisima kwa kifuniko cha chuma na kulehemu. Wamalwa anaendesha pikipiki mtoni kuchota maji ya nyumbani. Vitunguu vimekufa vyote. Zamani nilimwona mtu wa pesa na kelele. Leo nilimwona akifagia chumba cha Mama, akainua godoro afagie chini yake.

Jumapili, 30 Machi

Mvua! Imepiga mabati mchana wote. Kaburi limeoshwa, limekuwa kijivu. Ng'ombe hawakuja. Walikuwa bondeni wakila nyasi, kama ng'ombe wa mtu yeyote.

Alhamisi, 3 Aprili. Saboti

Mama yuko nyumbani. Mkono wa kulia umelala, maneno yanatoka yakichechemea. Nimemwomba aje akae nami Kibomet, karibu na hospitali. Daktari ameomba. Wamalwa amepiga magoti kabisa. Chepkosgei ameleta vipimo vya presha yake na kumwonyesha, na kumwambia kwa lugha nyepesi kwamba kiharusi kingine kitamchukua. Anatikisa kichwa. Anaangalia dirishani upande wa kaburi, anatuuliza kwa macho. Hawaji, Mama, nikamwambia. Chumvi imekwisha. Akageukia ukuta na hakula.

Ijumaa, 4 Aprili

Hakula.

Jumamosi, 5 Aprili

Kijiko kimoja cha uji. Amekataa dawa. Chepkosgei anasema siku chache hivi na presha itafanya itakavyo.

Jumapili, 6 Aprili. Saboti

Nitaandika kama ilivyokuwa, nisiongeze kitu.

Jana nilinunua chumvi dukani, pakiti za mezani. Nilipanga kuwaita mimi mwenyewe, Mama awaone mara moja, labda angekula. Ndiyo, mimi, mtu wa modeli. Kulipopambazuka nikatoka, nikaimwaga kaburini kutoka kichwani hadi miguuni. Nikajaribu mluzi. Ulitoka hewa tu. Nikajaribu tena.

Wakaja. Walipanda kutoka bondeni katika ukungu, mstari mmoja, pembe iliyopinda mbele. Nikasogea kuwapisha. Walifika kaburini na hawakusimama. Walipita kando yake, wakaikanyaga chumvi, hakuna aliyeinamisha kichwa. Walinipita mimi karibu kiasi cha kunigusa kwa mbavu zao, wala hawakunitazama. Wakaenda hadi kwenye dirisha la Mama, wakalizunguka. Vichwa vikaelekea ndani.

Hapo hakuna chumvi. Hapo hapajawahi kumwagwa kitu. Nimeita akilini kila ninachokijua na hakikuja hata kimoja. Nilikumbuka kwamba wanapaswa kuja kwa mtu aliyekwenda, na Mama alikuwa mle ndani, hai, na hakuna aliyewaambia. Ndipo fahali akaparura udongo chini ya dirisha, akanguruma. Ilikuwa mara ya kwanza kusikia sauti kutoka kwa mnyama yeyote wa Baba tangu Januari.

Nikakimbia ndani. Wamalwa alikuwa tayari mlangoni, nguo moja mwilini, hawezi kuvuka kizingiti.

Mama alikuwa ameketi. Sijui aliketije kwa mkono mmoja. Kile kichwa cha pembe iliyopinda kilikuwa ndani ya dirisha na pumzi yake ilikuwa imejaa chumba. Walikuwa wanatazamana, uso kwa uso. Nikaona uso wa Mama ukifanya kitu ambacho sikukitegemea kabisa kwa mwanamke aliyewangoja ng'ombe hawa kwa hamu namna ile. Alikuwa ameogopa. Ameogopa kama mimi.

Akainua mkono wa kushoto, akaweka kiganja kwenye pua ya yule ng'ombe, akamsukuma.

"Rudini," akasema. Neno lilitoka limepinda lakini lilitoka. Akavuta pumzi, akatafuta lingine. "Mwambieni... bado."

Hakuna aliyesogea, wala wao wala sisi.

"Bado," Mama akarudia, kwa ile sauti aliyokuwa akimkatalia Baba mambo ya nyumbani.

Ng'ombe mzee akatoa kichwa dirishani. Wakageuka, mmoja baada ya mwingine, wakashuka bondeni.

Mama alinyoosha mkono akaonyesha dawa. Nikampa, pamoja na maji ya mvua, akameza zote bila ugomvi. Kisha akamwambia Wamalwa amtafutie viatu vyake, wakati ng'ombe wako mbali, twende Kibomet.